Mwaka wa Darubini Mbili

Mwezi uliopita nilikwenda Nangurukuru kwenye msiba wa Bi Somoe. Nilichelewa, basi nililopanda Lindi liliharibika njiani, na nilipofika wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza. Nikavua viatu, nikaingia chumba cha wanawake, nikatafuta nafasi karibu na ukuta. Chumba kilikuwa kimejaa, udi umefuka mpaka macho yanawasha, na wengi wa waliokaa pale sikuwajua. Mmoja akanigeukia, akaniuliza kwa upole, "Wewe nani wake marehemu, dada?" Kabla sijajibu, mpwa wake Bi Somoe, yule aliyemuuguza mpaka mwisho, akasema kutoka upande wa pili: "Huyo ndiye Bibi Shamba. Alikaa na mama mwaka ule aliofiwa na Mwanahawa. Walikula sinia moja mpaka msiba ukapoa." Wanawake wakasogea, nikapewa nafasi katikati ya mkeka. Bibi mmoja akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akulipe, mwanangu. Mwingine angekimbia." Nikasema amina. Yote aliyoyasema yule mpwa ni kweli. Nilikaa, na sinia lilikuwa moja. Kilichobaki, ambacho nadhani hakuna mtu ndani ya chumba kile aliyekijua, ndicho ninachokiandika hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha kilimo, na cheo changu kilikuwa bibi shamba. Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu wenyewe hawapendi kikumbukwe kwa jambo lile. Kiko bara ya Kilwa, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Nangurukuru wakati wa kiangazi, na masika ni majaliwa. Minara ya simu ilikuwa bado haijafika huko. Nilipelekwa kuwafundisha kilimo bora cha ufuta watu waliokuwa wakilima ufuta kabla sijazaliwa, na walinivumilia kwa adabu kubwa. Mwenyekiti wa kijiji alinitafutia chumba kwa Bi Somoe, mjane aliyekuwa akiishi na binti yake Mwanahawa. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, na dirisha dogo lililotazama jiko. Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Ziliishia kiasi cha mkono mmoja chini ya dari, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho, nyumba nzima inamsikia. Mwanzoni jambo hilo lilinichekesha. Usiku mama na binti walikuwa wakizungumza Kimatumbi kwa sauti za chini, na Mwanahawa akikumbuka kwamba nipo, alirudi kwenye Kiswahili, akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta: "Bibi Shamba, mama anakusema! Anasema unakula kama ndege!"

Mwanahawa nilimzidi miaka miwili. Alikuwa mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na alikuwa amechumbiwa na Fikiri, kijana mmoja mpole aliyekuwa na macho makali kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliweza kukuambia nani anakuja barabarani wakati mimi naona vumbi tu. Ndoa ilisubiri mavuno. Mimi ni Mkristo, na wakati wa Ramadhani nilitaka kufunga mlango nile mkate wangu kimyakimya, lakini Bi Somoe alikataa. Alinipikia mchana huku yeye mwenyewe amefunga, akaifunika sahani kwa kawa, akaiweka juu ya meza yangu, akasema, "Mwenye njaa si mwizi, mwanangu. Fungua mlango upate hewa." Ndivyo alivyokuwa kabla.

Yule mnyama alianza mpunga ulipoanza kubeba. Watu wa kule hulala mashambani msimu huo, juu ya madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa kwa miti, ili kuwafukuza nguruwe na nyani. Asubuhi moja dungu la Mzee Hamisi lilikutwa limelala upande mmoja, kikapu chake cha tumbaku kiko palepale, yeye hayupo. Walifuata mburuzo mpaka kwenye matete ya kando ya mto, na walichokirudisha kilizikwa adhuhuri ileile. Wiki mbili baadaye akachukuliwa mama mmoja kisimani, saa kumi na mbili ya asubuhi, wenzake wakiwa hatua kumi nyuma yake. Hapo kijiji kilibadilika. Watu waliacha kulitaja jina lake. Hukumsikia mtu akisema simba. Walisema "yule bwana", au walinyanyua kidevu kuelekea mtoni. Milango ilifungwa jua likiwa bado liko juu ya miti. Jikoni kwa Bi Somoe wanawake walikaa kuchambua mchele na kusema maneno nusunusu, mmoja akianza, mwingine anamkanyaga mguu, na nilipoingia mimi kuchota maji walianza kuzungumzia bei ya kanga. Juu ya ukuta wangu nilimsikia Bi Somoe akimwambia binti yake, kwa Kiswahili, kama vile alitaka na mimi nisikie: "Yule hana haraka. Anatujua tunavyotembea kuliko sisi."

Akaja bwana nyama, afisa wa wanyamapori, kutoka wilayani na bunduki yake. Alikaa siku tano. Alikuwa mtu mwangalifu, hasemi sana, na kila asubuhi alipanda kilima cha shule na kulitazama bonde lote kwa darubini aliyoivaa shingoni. Siku hizo tano hakikuonekana chochote, naye akaitwa kwingine ambako nako watu walikuwa wakifa. Kabla hajapanda gari, Mwenyekiti alimshika mkono, akamuuliza, "Na hiyo ya kuvutia mbali, inauzwa?" Akajibu kwamba zipo hata Lindi mjini, za bei ya wastani, na kwamba si wazo baya: mtu mmoja akae kilimani alfajiri kabla watu hawajashuka, na tena alasiri wakiwa wanamalizia, na shule ina rimu ya lori inayogongwa kama kengele. Kugonga mara moja, bonde ni salama. Mara tatu, rudini. Mkutano ulikubali siku hiyohiyo. Kila kaya ikatoa ufuta, ukauzwa, na tukachaguliwa watu wawili kwenda kununua: Fikiri kwa sababu ya macho yake, na mimi kwa sababu nimesoma.

Nimeinunua darubini mara nyingi kichwani tangu siku ile. Duka lilikuwa karibu na stendi ya mabasi, duka la saa na miwani, na mwenyewe alikuwa mzee mwembamba aliyeitwa Mzee Salumu, amevaa kioo cha fundi saa kwenye jicho moja kama mtu aliyesahau kukivua. Tulimwamkia, akaitika, akatuuliza tunataka darubini ya kutazamia nini. Fikiri akanitazama. Njia nzima kutoka Nangurukuru alikuwa ameniomba nisilitaje jambo lile, maana kwake kulitaja safarini ni kuliita. Kwa hiyo nikasema, "Matumizi ya kawaida tu, mzee. Shamba, ndege, mambo ya nje." Mzee Salumu akatoa tatu, akazipanga juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa ndogo ya kukunja, inaingia mfukoni, vioo vyake vyekundu kama shira ya rozi. Akaisogeza pembeni mwenyewe. "Hii ni ya watoto na wapenda mpira," alisema. Ya pili ilikuwa kubwa, mpya, inang'aa, ina kikonyo cha kuvuta karibu zaidi na zaidi, kutoka mara kumi mpaka mara thelathini, na imeandikwa maneno ya dhahabu ubavuni. Ya tatu ilikuwa kuukuu, nzito, nyeusi iliyochubuka, mkanda wake umeungwa kwa utepe wa mafundi umeme. Ilitoka kwa baharia mmoja, alisema, na ilivuta mara saba tu.

Bei za zile mbili zilikaribiana. Fikiri alitoka nayo ile mpya mpaka barazani, akaelekeza ng'ambo ya ghuba, akapiga kelele kama mtoto. "Bibi Shamba! Namwona mtu Kitunda anakula muhogo! Naona anavyotafuna!" Nikatazama na mimi. Ilikuwa saa saba, jua la Lindi linachoma, na kweli nilimwona mtu yule, na mdomo wake, ingawa alikuwa akirukaruka kwenye kioo kwa sababu mikono yangu haikutulia. Mzee Salumu alisimama nyuma yetu, mikono kiunoni. "Mwavuta sana," alisema. "Kinachovuta sana hutikisika sana, na hunyima mwanga. Mnatazama mchana tu, au na jioni?" Nikasema na jioni, kidogo. "Basi njooni ndani." Alitupeleka stoo, chumba kisicho na dirisha, kuna kalenda ukutani mwisho kabisa. Akaniambia niisome kwa ile mpya. Niliona giza linalotetemeka. Akanipa ile kuukuu, na jina la mwezi likatokea, na tarehe, hata picha ya mti iliyokuwa juu yake. "Namba ya kwanza hapa ubavuni ni kuvuta," alinieleza polepole, kama mwalimu. "Ya pili ni upana wa kioo cha mbele. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ukipata tano, sita, saba, jicho lako linapewa mwanga wa kutosha jioni. Ukipata mbili, unapewa usiku kabla ya usiku. Kama ni jioni, binti yangu, chukua hii."

Nilimwelewa. Nataka jambo hilo lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujidanganya kwamba sikumwelewa. Niligawanya kichwani palepale: ile kuukuu saba, ile mpya mbili na kitu. Nilikuwa hodari wa hesabu. Lakini niliuona mkanda ule wenye utepe, na niliuona mkutano wa kijiji, watu waliotoa ufuta wao, wakiletewa kitu kilichochakaa na kuambiwa kimelingana bei na kipya. Niliwasikia watakavyonong'ona kwamba tumekula hela. Niliuona pia uso wa Mwenyekiti akiivaa ile yenye maandishi ya dhahabu. Fikiri akaniambia, "Wewe ndiye uliyesoma. Sema wewe." Nikasema tuchukue mpya. Nilichagua kitu cha kuonyesha, si kitu cha kuonea. Mzee Salumu aliifunga kwenye karatasi bila kubisha. "Ikiwakataa," alisema, "irudisheni. Hii nyingine haina mtu wa kuinunua, itakuwepo."

Kijijini walitupokea kwa vigelegele. Kila mtu alitazama. Mwenyekiti aliona moshi wa kijiji cha pili, akataja ni jiko la nani. Mwanahawa aliigeuza akatazama kwa nyuma, akamwona Fikiri yuko mbali kama sisimizi, akacheka mpaka akakaa chini. "Hivi ndivyo utakavyokuwa ukiniudhi," alimwambia. Nilicheka na wengine. Jioni ileile mimi na Fikiri tulipanda kilimani kwa zamu ya kwanza. Jua lilipoanza kuzama nyuma ya miti, niliona anaishusha darubini, anafuta vioo kwa shati, anaiweka tena. Akafanya hivyo mara tatu. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Bibi Shamba, kule kwenye matete ni kama nimefumba macho." Nikamwambia atazoea. Nikamwambia ashike kikonyo kwenye mara kumi, asivute zaidi. Akatii. Siku zilizofuata hakulalamika tena, na mimi sikumuuliza. Yule bwana hakuonekana wala kusikika kwa karibu mwezi mzima, na watu walianza kusema darubini imemfukuza. Walianza kukaa bondeni mpaka jua linapozama. Walikuwa wakituamini, na hilo ndilo lililonitisha, lakini hofu yangu niliiweka mahali pake na kuiacha hapo, kama barua usiyotaka kuifungua.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu. Mvua ilikuwa imekatika baada ya alasiri, na bonde lote lilikuwa na rangi ya majivu. Wanawake watano walikuwa wamesimama chini ya shule wakisubiri kengele ili washuke kuchukua matita ya mpunga waliyoyaacha mvua ilipowafukuza. Mwanahawa alikuwa mmoja wao, kanga kichwani. Fikiri alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanipa darubini. "Sioni vizuri pale matete yanapoingia kwenye shamba la mama mkwe," alisema. "Tazama wewe." Nikaiweka machoni. Niliona weusi, na ndani ya weusi kitu kilichotikisika, ambacho kingeweza kuwa matete, au mikono yangu. Chini yetu Mwanahawa akaita: "Nyie mmelala huko? Giza linaingia!" Wenzake wakacheka. Nilisema, "Hakuna kitu. Gonga." Fikiri akanitazama, sijui alisubiri nini. Halafu akachukua chuma, akagonga mara moja.

Hakukuwa na kelele. Nimewahi kusimuliwa na watu wengine kwamba kulikuwa na kelele, lakini mimi nilikuwepo. Waliingia bondeni mmoja nyuma ya mwenzake, Mwanahawa wa kwanza kwa sababu shamba lao lilikuwa la mwisho. Nikaona ndege weupe wakinyanyuka kwenye matete wote kwa pamoja. Kisha wanawake wanne wakawa wanakimbia kuja kwetu, midomo wazi, na sauti zao zikatufikia baadaye. Fikiri alishuka kilima kile bila kufuata njia. Wanaume wakatoka na mapanga na madebe, wakayapiga mpaka giza lilipoingia kabisa, na aliyerudi na kanga ile mkononi alikuwa Mwenyekiti, ambaye hakutaka mtu mwingine aipokee isipokuwa Bi Somoe. Mimi nilibaki kando ya kengele. Darubini ilikuwa bado shingoni mwangu, na maandishi yake ya dhahabu yalikuwa yakionekana vizuri kabisa.

Alizikwa kesho yake. Nyumba ikajaa watu, wanaume barazani, wanawake ndani, na chumba changu kikawa cha kulaza watoto. Siku ya tatu, waliposoma hitima na kuanza kutawanyika, nilikuwa nimelala kitandani nikiutazama ule mwanya wa juu ya ukuta. Fikiri aliingia chumba cha Bi Somoe. Nilimtambua kwa kukohoa. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa Kimatumbi, kwa sauti ya mtu anayetapika. Lugha ile sikuijua, lakini niliyadaka maneno mawili ya Kiswahili, kwa sababu yalirudi tena na tena: "jioni", na "Mzee Salumu". Kisha nikasikia mkeka ukilia, mtu amebadili alivyokaa. Na sauti ya Bi Somoe, kwa Kiswahili, kavu kabisa: "Umemwambia nani mwingine?" Fikiri akasema hakuna. "Usimwambie mtu."

Alfajiri yake nilipata lori la kwenda Nangurukuru, na kutoka hapo basi mpaka Lindi. Nilimwekea Mzee Salumu darubini juu ya kioo. Alinitazama usoni, akavua kile kioo cha jicho, akaniuliza, "Mlikuwa mkitazama nini?" Nikamwambia. Nilisema neno lenyewe, simba, kwa sauti, na mteja aliyekuwa akisubiri saa yake akatoka nje. Mzee Salumu hakunilaumu. Alikaa kwenye kigoda chake, akasema tu, "Mngeniambia," halafu akarudia, "Mngeniambia, binti yangu." Akaichukua ile kuukuu, akautoa mkanda wenye utepe, akaifunga mkanda mpya wa ngozi, na hakuniongeza bei wala kunirudishia chenji, tukaachana hivyo.

Kijijini nilisema ile ya kwanza ilikuwa mbovu, ikabadilishwa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Niliomba zamu zote za jioni ziwe zangu. Kila siku alasiri nilipanda kilima peke yangu, kwa sababu Fikiri hakuweza tena kukaa pale, na kila siku giza lilipoingia nilirudi nyumbani kwa Bi Somoe, ambako kulikuwa kunanisubiri jambo gumu zaidi. Alikuwa ameacha kunipelekea chakula chumbani. Alitandika mkeka sebuleni, akaweka koroboi, akaweka sinia moja kati yetu, na kuniita. Ugali wa muhogo na kisamvu, au wali na samaki mkavu wa kuchemsha kwa nazi. Alikuwa akinimegea vinofu, akiviweka upande wangu. Hakuzungumza. Nilipoinua macho nilimkuta ananitazama, si kwa chuki, bali kama mtu anayetazama chungu kilichoko motoni. "Kula," alikuwa akisema. Na mimi, nataka kuandika hata hili, kuna jioni nilizokula nikingojea tumbo liniume. Nilijua anajua. Sikujua kama anajua kwamba ninajua. Wakati mwingine aliingia jikoni kuchukua kisu cha kukatia limau, na hatua zake zikirudi nyuma ya mgongo wangu nilijilazimisha nisigeuke. Nilipojaribu mara moja kusema, "Mama, kuna jambo," aliinua mkono wake wenye mchuzi. "Chakula kinapoa," akasema.

Nilimwona mnyama katika wiki ya tatu. Jua lilikuwa limeshazama, na kwa macho matupu bonde lilikuwa kivuli kimoja. Kupitia ile darubini nzito matete yalijitenga, unyasi mmoja mmoja, na katikati yake kulikuwa na masikio mawili. Hayakutikisika. Yalikuwa yameelekea shambani, ambako watu saba walikuwa wakifunga matita. Nilitazama kwa muda kiasi cha pumzi mbili, ili niwe na hakika, kisha nikagonga mara tatu, nikaendelea kugonga mpaka mikono ikafa ganzi, na wote saba wakapanda. Niliwahesabu mmoja mmoja walipokuwa wakinipita, nikiwagusa mabega kama mwendawazimu. Tarishi akapelekwa kumwita bwana nyama, naye akaja, na kwa kuwa safari hii alioneshwa mahali penyewe, hakuchukua zaidi ya siku mbili. Alikuwa jike, amekonda, mguu mmoja wa mbele umevimba, jino limevunjika. Kijiji kizima kilikwenda kumtazama, watu wakimpiga mawe na kuimba. Bi Somoe alikuja wa mwisho. Watu walimpisha. Alisimama kichwani pake, akauliza, "Ndiye huyu?" Bwana nyama akasema ndiyo. Akamtazama tena kidogo, akageuka, akarudi nyumbani kupika. Jioni ile sinia lilikuwa moja kama kawaida.

Uhamisho wangu ulifika baada ya mavuno ya ufuta. Asubuhi ya kuondoka, mzigo wangu ukiwa barazani na lori likisikika mbali linapanda mlima, Bi Somoe alitoka, akakaa kwenye kizingiti, akaniashiria nikae. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alizungumza na mimi sentensi zaidi ya mbili.

"Siku ile alipokuja Fikiri, ulisikia."

"Nilisikia, mama."

"Nilijua umesikia. Ulianza kula kama mtu anayeonja dawa." Akapangusa vumbi kwenye kizingiti. "Mzee wa Lindi alikwambia uchukue ipi?"

"Ile kuukuu."

"Na ulimwelewa?"

Ningeweza kusema lolote. Lori lilikuwa linakaribia. "Nilimwelewa," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa amekiagiza. Nikamuuliza kwa nini hakunifukuza, kwa nini hakuwaambia watu. Alitazama barabara, si mimi.

"Ningesema, wangekufukuza usiku uleule, au wangekufanya vibaya zaidi. Halafu mimi ningebaki na nani? Nyumba ilikuwa imeshatoa mtu mmoja. Nilihitaji mtu wa kukaa upande wa pili wa sinia. Kuna siku nilikuwa nakupakulia huku namwomba Mungu anishike huu mkono. Kuna siku nilitaka usimalize kula usiende zako, kwa sababu ulikuwa unakula upande aliokuwa anakaa yeye. Zote zilikuwa siku za kweli." Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Usidhani nimekusamehe. Sijui kama nimekusamehe. Ikitokea nitakwambia."

Akanisaidia kunyanyua begi mpaka kwenye lori. Nilirudi kumtazama kila mwaka, mpaka alipohamia Nangurukuru na miguu yake ikaacha kumbeba, na kila mara alipika, na kila mara tulikula pamoja. Fikiri alikwenda kuishi Somanga, akaoa huko. Tulikutana mara mbili barabarani, tukasalimiana, tukaulizana afya. Mara ya mwisho nilipomtembelea Bi Somoe alikuwa hawezi tena kumega tonge mwenyewe. Nikamlisha mimi. Alipotosheka alifunga mdomo, akaufuta kwa upande wa kanga, akanitazama kwa muda mrefu sana kwa macho ambayo yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, na mimi nikasubiri aniambie, kijiko mkononi. Alisema amechoka, nimlaze.